Dawa Iliyonipa Nguvu Ikaninyima Mtoto

Nililala shambani asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani ya maharagwe. Sikuwa nimekusudia kulala. Nilipalilia kidogo, mikono ikawa mizito, nikasema nikae nipumzike. Nilipoamka jua lilikuwa limepanda, na mke wangu Sifa alikuwa amemaliza shamba lote. Alipalilia akinizunguka. Udongo ulikuwa mweusi kila upande, isipokuwa kipande kile nilichokilalia, na magugu yake.

“Umeamuka?” aliniuliza bila kugeuka.

“Nimeamuka.”

“Twende basi. Neema atatoka ku masomo atakuta mulango iko imefungwa.”

Akabeba jembe lake na langu pia. Nilimfuata nikishuka kilima mikono mitupu, na watu wa Kingi, kijiji chetu, waliotuona walitusalimia kama kawaida, lakini mimi niliona kila salamu inaishia kwenye majembe yale mawili begani kwa mke wangu.

Huo ndio mwanzo ninaoukumbuka. Naitwa Bauma. Ukoo wetu umelima maharagwe na mihogo katika vilima hivi vya Masisi toka zamani, na mimi pia nimelima, lakini kabla ya kuoa, na miaka kadhaa baada ya kuoa, nilikuwa mbebaji kule Rubaya. Nilishusha mifuko ya madini ya koltani kwa mgongo kutoka kwenye mashimo hadi kwenye vituo vya wanunuzi. Mgongo ukaanza kuuma. Wenzangu wakanionyesha vidonge vya rangi mbili vya kuondoa maumivu, na kweli viliyaondoa. Nilipoacha kubeba mifuko sikuviacha vidonge. Nilivimeza asubuhi kama mtu anavyokunywa chai, na sikuvihesabu kuwa dawa.

Baada ya siku ile ya shambani nikaanza kujiangalia. Zamani nilinyoa ndevu kila Jumamosi kwa ajili ya kanisa. Sasa Jumamosi zilipita na kidevu kilikuwa laini. Kifua changu kikavimba kidogo na kuuma kikiguswa, nikaacha kuvua shati mbele ya watu hata kwenye kazi ya jasho. Joto la ghafla lilinipanda usoni kanisani, wakati wengine wamejifunika makoti kwa baridi ya milimani. Nililia msibani kwa marehemu ambaye hata sikumfahamu vizuri.

Na kitandani nikawa kama kaka yake Sifa. Leo nimechoka, kesho mgongo, keshokutwa nina mawazo juu ya usalama. Mambo ya usalama yalikuwepo kweli, kila mtu alikuwa nayo, na niliyatumia kama mtu anavyotumia mlango kujificha nyuma yake.

Tulikuwa na mtoto mmoja, Neema. Sifa alitaka mwingine. Kwetu mtoto mmoja ni kama nusu ya sentensi, watu wanakungoja umalize. Mama yangu anaishi juu kidogo ya nyumba yetu, na kila aliposhuka alimwangalia Sifa tumboni kabla ya kumwangalia usoni.

“Mama Neema, ile tumbo yako ilifunga?” alimuuliza siku moja mbele ya majirani.

Sifa aliendelea kutwanga sombe, majani ya mihogo ya kupika jioni. Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo kwenye kigoda, nikichonga mpini. Nikaendelea kuchonga.

Wanawake wa kikundi cha maombi wakaja nyumbani kwetu alasiri moja. Wakamweka Sifa katikati, akapiga magoti kwenye mkeka, wakamwekea mikono kichwani. Kiongozi wao akaomba Mungu afungue kizazi cha dada yao. Nilisimama karibu na mlango, na maombi yalipoisha nikasema Amina. Sikuisema kwa kunong’ona. Niliisema kwa sauti ambayo wote waliisikia. Baada ya siku ile Sifa akaanza kufunga kula, na mimi nilikula bugali yangu mbele yake.

Aliyenipa njia, au tuseme aliyenipa njia fupi, ni Muhindo, mtoto wa baba yangu mdogo. Alikuwa anafanya biashara ya pikipiki, akipeleka sabuni na chumvi hadi Walikale na kurudi na mafuta ya mawese. Nilimwambia yeye kwa sababu alikuwa mtu wa kuondoka. Mtu anayeondoka ni rahisi kumwambia jambo.

“Kaka, hii iko ugonjwa ya wanaume wengi,” alisema bila kucheka, na kwa hilo bado namshukuru. “Kuko sindano. Inakuwaka mafuta-mafuta hivi, ndani ya kachupa. Batu ya mashimo banaipigaka. Utarudi kijana.”

Aliileta safari iliyofuata. Aliyemuuzia alikuwa na duka la betri za tochi, sabuni na dawa, na hakuuliza dawa ni ya nani wala ana ugonjwa gani. Muhindo alinichoma mwenyewe, nyuma ya nyumba yake. Mafuta yale yaliingia polepole na kuacha uvimbe uliouma nikikaa.

Na ilifanya kazi. Wakati mvua zilipokatika nilikuwa naamka kabla ya jogoo. Nilibeba gunia la maharagwe hadi sokoni Masisi-centre bila kusimama. Ndevu zikarudi. Kitandani nikarudi mume. Sifa alianza tena kuimba akiosha vyombo, na siku moja nilimkuta anacheka peke yake jikoni, nikajua anacheka kwa sababu yangu.

Jumapili moja akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema Mungu amesikia, nyumba yake imepona, na sasa anangoja mtoto kwa imani. Watu wakapiga makofi. Mama yangu akapiga kigelegele. Nilikaa upande wa wanaume, mahali pa sindano pakiniuma juu ya benchi, nikaangalia viatu vyangu hadi wimbo uliofuata ulipoanza.

Muhindo akaendelea kuleta. Kila sindano ilipokaribia kuisha nguvu mwilini nilishuka tena, na ilipoingia mpya nilipanda. Nilipopanda nilikuwa mkali. Neema alimwaga maji ya kunawa, nikampigia kelele hadi akakimbilia kwa bibi yake. Sitaki kusema ni dawa iliyompigia kelele mtoto wangu. Mdomo ulikuwa wangu. Na nilipokuwa nikioga niliona kitu kingine ambacho sikumwambia hata Muhindo: sehemu zangu za uzazi zilikuwa zinasinyaa. Nguvu zilikuwa zimerudi, lakini kule chini palikuwa panapungua, na sikuelewa mambo hayo mawili yanawezaje kwenda pamoja.

Mimba haikuja. Msimu wa kupanda ukapita, mavuno yakapita, tukapanda tena. Sifa akarudi kwenye kufunga kula. Akakonda. Ndipo siku moja, bila kuniaga, akaenda mwenyewe hospitali kupimwa. Alirudi jioni na vumbi la njia hadi magotini.

“Dokta ananipima,” alisema akivua kilemba. “Anasema niko muzima. Anasema nilete bwana.”

“Wanawake ya hospitali banapendaka kusumbua batu,” nikajibu.

“Bauma. Anasema nilete bwana.”

Tulienda. Nilichukia benchi lile la kungojea kuliko ugonjwa wenyewe. Upande mmoja alikaa mama aliyekimbia vita kutoka kijiji cha mbali, na mtoto ambaye kichwa kilikuwa kikubwa kuliko mwili. Upande mwingine kulikuwa na mzee ambaye mguu wake ulifungwa bendeji kwa sababu ya risasi. Na mimi hapo katikati, kifua kipana, mikono yenye nguvu, nikingoja kumwambia daktari mambo ya kitandani. Niliona ninakula nafasi ya mtu. Nilitaka kuinuka niende, na nadhani ningeenda, kama Sifa hangekuwa amekaa upande wa mlango.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Nilipoitwa niliingia haraka nikitaka kufunga mlango nyuma yangu.

“Mama pia aingie,” alisema.

Aliuliza maswali kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza habari za shamba. Nikajibu nusunusu. Kisha akauliza, “Papa, unakunywaka dawa gani?”

“Hakuna.”

“Hata ya maumivu?”

Nikamwambia juu ya vidonge vya mgongo. Akaniuliza kwa muda gani. Nikasema toka Rubaya. Akaacha kuandika.

“Na ingine?”

Sijui kwa nini nilisema. Labda nilikuwa nimechoka kubeba. “Sindano,” nikasema. “Ya nguvu.”

Sifa akageuza kichwa. “Sindano gani?”

Daktari hakuingilia. Alingoja mimi nimjibu mke wangu. Nikamjibu, nikiangalia meza: sindano za Muhindo, toka kabla ya ule ushuhuda wa kanisani. Sifa alishika pembe ya kitenge chake akaikunja, akaikunjua, akaikunja.

Nitaandika alivyotueleza daktari, kwa sababu sijawahi kusikia mtu akilieleza jambo hili vizuri zaidi.

“Mwili ya mwanaume inatengenezaka nguvu yake na mbegu yake,” alisema. “Zile vidonge za mugongo, ukizikunywa miaka, zinafanya ile kazi isinzie. Sasa wewe ukaleta nguvu ya inje na sindano. Mwili ikasema, kama nguvu inatoka inje, mimi natumika juu ya nini? Ikaacha kabisa. Njo sababu uko na nguvu, lakini mbegu hakuna.”

“Kwa hiyo ile sindano iko sumu?” nikauliza.

“Haiko sumu. Iko dawa, inasaidiaka watu. Lakini inapimwa kwanza, na haipewe mwanaume mwenye kutafuta mutoto.”

Walichukua damu ipelekwe Goma. Barabara ilifungwa wiki ileile kwa sababu ya mapigano, na majibu yalikuja mvua kubwa zilipoanza. Wakati huo Sifa alikuwa akinipikia na kunijibu ninapomuuliza, basi. Tulirudi pamoja kusikiliza majibu, na yalikuwa kama daktari alivyosema. Akatuwekea njia mbele yetu. Ningeweza kuendelea na sindano, hapo hospitali, kwa kipimo na kwa uangalizi, nibaki na nguvu na tusahau mtoto. Kuna mafuta ya kupaka kwenye ngozi yenye dawa ileile ya sindano, lakini kwetu hayapatikani, yangefunga mbegu vilevile, na baba akiyapaka kisha akambeba mtoto, yanaweza kumwingia mtoto. Au niache sindano, nipunguze vidonge vya mgongo kidogokidogo chini ya macho yao, na nianze vidonge vingine vinavyoweza kuamsha mwili ufanye kazi yake wenyewe.

“Ile tunapatiaka wanamama wenye kutafuta mimba,” alisema.

“Dawa ya wanamuke?”

“Papa, dawa haivaake suruali wala kitenge. Lakini sikudanganye. Utateremuka kwanza. Utakuwa muzaifu sawa zamani, pengine kupita. Na mutoto, siahidi.”

Niligeuka nimuulize Sifa anataka nini. Alikuwa ameshasimama.

Njia yote ya kurudi alitembea mbele. Alingoja hadi tulipofika mahali ambapo hapakuwa na watu, akasimama bila kunigeukia.

“Nilifunga kula,” alisema. “Nilifunga kula juu ya tumbo yangu, Bauma, na wewe ulikuwa unaniangalia.”

Wiki iliyofuata alimchukua Neema akaenda kwa wazazi wake huko Shasha, kando ya ziwa.

Nikaacha sindano. Sikuacha kwa ushujaa. Niliacha kwa sababu nyumba ilikuwa tupu, na nguvu zile hazikuwa na mtu wa kuonyeshwa. Daktari alisema kweli, nilishuka. Kupunguza vidonge vya mgongo kuliniletea mafua yasiyo mafua, miguu isiyotulia, maumivu kila mahali. Mwenye ugonjwa kama wangu, ukisoma hapa, usiviache ghafla na usiviache peke yako. Nenda kwa waganga wa hospitali wakuongoze. Mimi kila waliponipunguzia nilidhani nitakufa, na kila mara sikufa.

Mama yangu alishuka kunipikia. Siku moja alikuwa anamenya mihogo, akaanza kumsema Sifa, mwanamke gani anamwacha mume akiwa mgonjwa.

“Mama, ni mimi,” nikasema.

“Wewe nini?”

“Tumbo yake iko muzima. Ni mimi siko na mbegu. Nilijua kama niko mugonjwa, nikanyamaza.”

Kisu kilisimama. Nilitegemea atalia au atakataa. Alibaki akiangalia muhogo mkononi, nusu mweupe nusu na ganda.

“Mimi nilimusema mbele ya bibi za watu,” alisema mwishowe. “Bauma, nilimusema mbele ya watu, na wewe ulikuwa unachonga mupini.”

Alikumbuka hata mpini. Mimi nilidhani ni mimi peke yangu ninayekumbuka.

Ni yeye aliyenipeleka kwa kikundi cha maombi. Nilikuwa mdhaifu kiasi kwamba nilishika bega lake kwenye mteremko. Nikawaambia wanawake wale kila kitu, hata vidonge nilivyoanza, nikiwa nimesimama kwenye mkeka kama ule aliopigia magoti Sifa. Hakuna aliyenikemea. Kiongozi wao alisema tu, “Asante, Papa,” na wengine waliangalia chini. Wanaume njiani walikuwa tofauti. Waliponiona walisema, “Bonjour, Papa wa vidonge vya bamama,” na kucheka. Nilicheka nao mara ya kwanza. Mara ya pili nikapita.

Maneno husafiri hata barabara ikifungwa, nayo ilikuwa imefungwa tena baada ya Sifa kuondoka. Yalifika Shasha. Barabara ilipofunguliwa, wakati wa mavuno ya maharagwe, Sifa alirudi na Neema na kikapu cha sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, kichwani. Alinikuta uani. Aliniangalia toka kichwani hadi miguuni, nilivyokuwa nimekonda.

“Sikurudi juu ya kile ulisema mbele ya bamama ya maombi,” alisema. “Mutoto alikuwa anakulilia.”

“Nimesikia.”

“Na usifikiri nimesahau.”

“Sifikiri.”

Mama yangu alishuka siku hiyohiyo kumwomba msamaha, akapiga magoti, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele ya mtu aliyezaliwa baada yake. Sifa alimwinua kwa mikono miwili. “Nimesikia, Mama,” alisema. Hakusema zaidi ya hapo, na mama hakudai.

Sifa alilala na Neema kwa muda mrefu. Alivuna karibu shamba lote yeye na mama yangu, na mimi nilipukuchua maharagwe nikiwa nimekaa kama mzee. Lakini asubuhi moja nilikuta kidonge changu kimewekwa juu ya kifuniko cha sufuria, pembeni yake kikombe cha maji. Asubuhi iliyofuata pia. Hakuniambia “kunywa.” Aliweka tu akaenda zake. Sijui kama mtu mwenye afya anaweza kuelewa uzito wa kikombe kile.

Vidonge vile vilifanya kazi polepole, si kama sindano. Sijawahi tena kuamka kabla ya jogoo, na gunia la maharagwe siwezi kulibeba njia nzima. Ndevu zimerudi kidogo, hazijajaa. Usingizi wa mchana uliondoka. Hasira pia, ingawa Neema bado huniangalia kwanza kabla ya kuomba kitu, na hilo hakuna dawa nitakayopewa. Kipimo cha mwisho kilionyesha mbegu. “Kidogo,” alisema daktari, “lakini iko.” Sifa alitabasamu, akimwangalia daktari. Baada ya hapo alirudi kulala chumbani kwetu, na ya chumbani nitayaacha chumbani. Mimba bado hatujapata, na miaka yake inaenda. Kila mwezi unapomwambia hapana, huwa anatoka kwenda kuchota maji hata kama ndoo zimejaa, nami ninajua ni muda upi niliomwibia. Daktari hana kipimo cha hilo.

Majuzi tulirudi kwa ajili ya kupimwa tena. Siku hiyo tuliwekwa kwenye benchi la upande wa akina mama, kwa sababu daktari wetu alikuwa akifanya kazi huko. Nilikuwa mwanaume peke yangu, hadi alipoingia mwingine, mchimbaji kwa kumwangalia, buti zake zimejaa udongo mwekundu wa mashimo. Alisimama karibu na ukuta akizungusha kofia mikononi. Baadaye akainama kwangu.

“Papa, hii haiko upande ya bamama?”

“Ndiyo, iko upande ya bamama.”

“Umesindikiza bibi?”

Jibu lilikuwa rahisi, alikuwa amenipa mwenyewe. Sifa alikuwa amekaa pembeni yangu, na nilijua anasikiliza ingawa alikuwa akiangalia mlango.

“Hapana,” nikasema. “Bibi ndiye amenisindikiza.”

Mtu yule akaacha kuzungusha kofia. Akamwangalia Sifa, akaniangalia mimi, akaangalia mlango wa kutokea. Akanong’ona.

“Na... banakuulizaka mbele yake?”

“Mbele yake.”

Nilidhani ataondoka. Sifa akachukua kikapu chake, akasimama. Benchi lilikuwa limejaa, hapakuwa na pengine pa kukaa, na tulikuwa tumetembea toka alfajiri.

“Kaa hapa, kaka,” akamwambia.

Akaenda kuegemea ukuta mahali alipokuwa amesimama yule mtu, akakunja mikono kifuani, akanikazia macho. Yule mtu akakaa. Nami nikaanza kumweleza, kwa sauti ambayo mke wangu angeweza kuisikia.